Kiingereza: "Had been waiting", au jinsi ya kueleza ulikuwa ukifanya nini kabla ya jambo lingine kutokea

Ulikuwa ukiishi wapi kabla ya kukimbia? Ulikuwa umeishi hapo kwa muda gani? Ulikuwa ukifanya kazi gani vita vilipoanza? Mkimbizi yeyote aliyewahi kukaa mbele ya meza ya usajili anayajua maswali haya. Huulizwa siku ya kuandikishwa, huulizwa tena kwenye mahojiano ya hadhi ya ukimbizi, na huulizwa shuleni mzazi anapompeleka mtoto aliyekatiza masomo. Hata mwenye duka wa Mbarara au Kampala anayetafuta msaidizi atayauliza kwa namna yake. Yote yanataka maelezo ya aina moja: jambo lilianza zamani, likaendelea kwa muda, mpaka jambo lingine likatokea.

Kiingereza kina umbo la kitenzi linalofanya kazi hiyo hasa. Vitabu vya shule huliita Past Perfect Continuous. Jina ni refu kuliko umbo lenyewe, na wanafunzi wengi wazima huliogopa kabla hawajaliona.

Makala haya ni kwa wasomaji wa Kiswahili walio katika makazi ya Uganda kama Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja, na katika kambi za Kenya kama Kakuma, hasa wale waliosoma kwa Kifaransa nchini Kongo au Burundi na sasa wanaanza upya kwa Kiingereza. Tunachukulia kwamba tayari unaweza kusema "I went", "I was" na "I am going". Kama bado, anza na hayo, haya yatakusubiri.

Kabla ya sarufi: mkalimani ni haki yako

Huhitaji kujua Kiingereza ili kueleza kwa nini ulikimbia. Katika mahojiano ya hadhi ya ukimbizi unaweza kuomba mkalimani wa lugha unayoielewa vizuri, na hulipi chochote. Kama mkalimani anasema Kiswahili cha pwani na wewe unasema cha Fizi au Rutshuru, na mnapishana maneno, sema mapema, kabla maelezo hayajaenda mbali. Na hata kama umesoma makala haya mara kumi, ushauri wetu ni huu: siku ya mahojiano eleza habari zako kwa lugha uliyokulia. Si siku ya kufanya mtihani wa Kiingereza.

Basi kwa nini ujifunze umbo hili? Kwa sababu wewe utaongea Kiswahili, lakini karatasi itaandikwa kwa Kiingereza. Anayeweza kusoma alichoandikiwa, au kufuata anaposomewa, anaweza kuona kwamba kitu hakikuandikwa sawa na akaomba kirekebishwe siku hiyohiyo. Tena nje ya ofisi hizo hakuna mkalimani kila mahali. Kwenye kituo cha afya usiku, kwenye kituo cha polisi, kwa mwalimu mkuu, mara nyingi utakuwa wewe na Kiingereza chako tu.

Kiswahili chako tayari kinalijua jambo hili

Angalia sentensi hizi mbili:

Tulikuwa tumetembea kwa siku mbili tulipofika Bunagana.

Nilikuwa nikiuza samaki Uvira kwa miaka kumi kabla vita havijaingia.

Kila moja ina mambo mawili, na yote mawili yamepita. Kuna jambo refu (kutembea, kuuza samaki) na kuna jambo fupi lililokuja baadaye (kufika, vita kuingia). Kiswahili kimetumia vitenzi viwili pamoja, "tulikuwa tumetembea", "nilikuwa nikiuza", ili msikilizaji ajue kwamba jambo refu lilitangulia. Mtu wa Kivu huenda akasema "nilikuwa nauzisha samaki, myaka kumi, njo vita ikaingia", na maana ni ileile.

Kwa Kiingereza sentensi hizo huwa hivi:

"We had been walking for two days when we reached Bunagana."

"I had been selling fish in Uvira for ten years before the war came."

Njia moja inayosaidia sana darasani haihitaji kitabu. Chora mstari mrefu ardhini. Weka jiwe la kwanza mahali jambo lilipoanza, mfano siku uliyoanza kuuza samaki. Weka jiwe la pili mahali jambo lingine lilipotokea, mfano siku ya vita. Kisha songa mbele hatua kadhaa kwenye mstari huohuo na usimame: hapo uliposimama ni leo. Kipande kilicho kati ya mawe mawili ndicho "had been selling". Kina mwanzo, kina mwisho, na hakigusi miguu yako. Kumbuka picha hiyo, kwa sababu tutaihitaji tena.

Umbo lenyewe

Ni maneno mawili yasiyobadilika, "had been", kisha kitenzi chenye "-ing" mwishoni. Ni hayo tu. Tofauti na "have" na "has", ambayo hubadilika kufuatana na mtu, "had" ni moja kwa wote: "I had been farming", "she had been farming", "they had been farming". Kwa kukataa unaongeza "not": "I had not been working", au kwa kifupi "I hadn't been working". Kwa kuuliza unatanguliza "had": "Had you been working?"

Swali utakalolisikia kuliko mengine yote ni hili: "How long had you been living there?" – Ulikuwa umeishi hapo kwa muda gani? Lijue kwa sikio, maana mtu akilisema haraka, maneno huungana. Vivyo hivyo "I had been" mdomoni huwa "I'd been". Hiyo "'d" inawachanganya wengi kwa sababu inaweza pia kuwa kifupi cha "would". Angalia neno linalofuata: ikifuatwa na "been", ni "had", ikifuatwa na "be", ni "would".

Kuhusu tahajia ya "-ing": kitenzi chenye "e" mwishoni huiacha ("live" huwa "living", "hide" huwa "hiding"), na vitenzi vifupi vingi huongeza herufi ya mwisho ("run" huwa "running", "dig" huwa "digging"). Hilo la "digging" linastahili neno moja la ziada. Nchini Uganda watu husema "digging" kwa maana ya kulima, na majirani zako wenyeji watakuelewa mara moja ukisema "I had been digging since morning". Ukifika siku moja Canada au Australia ukasema hivyohivyo, watadhani ulikuwa ukichimba shimo. Huko sema "farming".

"For", "since", na mtego wa Kifaransa

Waliosoma kwa Kifaransa wana tatizo lao maalumu, na si kwamba hawana akili ya lugha. Kifaransa husema: "J'habitais à Uvira depuis dix ans quand la guerre a éclaté." Kitenzi ni cha wakati uliopita wa kawaida, na "depuis" inabeba mzigo wote. Anayetafsiri moja kwa moja hupata "I was living in Uvira since ten years", sentensi unayoweza kuisikia kila siku kwenye makazi. Mwingereza ataelewa kwa kubahatisha, lakini ina makosa mawili. La kwanza ni kitenzi: inatakiwa "had been living". La pili ni "since".

Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko Kifaransa, kwa hiyo acha Kifaransa pembeni kidogo. Sisi tunatofautisha "kwa muda wa" na "tangu". Kiingereza pia. "For" ni kwa muda wa: "for ten years", "for two days", "for a long time". "Since" ni tangu, nayo hufuatwa na mwaka, siku au tukio: "since 2009", "since Monday", "since my father died". Ukitaka kuchagua, jiulize kwa Kiswahili: ningesema "kwa" au "tangu"?

Lakini Kiswahili nacho kina mtego wake, nao uko kwenye "kabla". Tunasema "kabla hajaondoka", kitenzi kikiwa kimekanushwa. Kiingereza hakikanushi baada ya "before". Anayefuata Kiswahili huandika "before he did not leave", na msomaji hubaki akijiuliza kama mtu aliondoka au hakuondoka. Andika tu "before he left". Vivyo hivyo "kabla hatujafika" ni "before we arrived".

"Have been" au "had been"?

Rudi kwenye mstari ardhini. Tulisema kipande cha kati ya mawe mawili hakigusi miguu yako. Sasa ondoa jiwe la pili na uchore kipande mpaka mahali uliposimama. Hicho ndicho "have been". Jambo lilianza zamani na bado linaendelea leo.

"I have been living in Bukavu for twelve years" maana yake ni kwamba unaishi Bukavu hata sasa. Ukiisema ukiwa umekaa Nakivale, anayeandika atashangaa: mtu huyu anaishi Bukavu au hapa? Je, huwa anarudi? Kama ni ofisa makini atauliza tena. Kama amechoka na foleni ni ndefu, ataandika alichosikia, na sentensi hiyo itakaa kwenye faili yako ikingoja kuulizwa mwaka mwingine, na mtu mwingine. Ulichotaka kusema ni "I had been living in Bukavu for twelve years when I fled".

Kwenye kituo cha afya tofauti hii ni ya haraka zaidi. Umempeleka mtoto.

"He has been vomiting for two days." – Amekuwa akitapika kwa siku mbili, na bado anatapika.

"He had been vomiting for two days, but it stopped this morning." – Alikuwa akitapika kwa siku mbili, lakini leo asubuhi imekoma.

Daktari au muuguzi anayesikia sentensi ya kwanza anafikiria mtoto anayepoteza maji sasa hivi. Anayesikia ya pili anafikiria mtoto aliyepoteza maji lakini huenda anaanza kupata nafuu. Kama huna uhakika utumie ipi, tumia maneno mawili yasiyo na sarufi ngumu: "still", yaani bado, au "stopped", yaani imekoma. "Two days. Still vomiting." Itatosha, na hakuna atakayekucheka.

"-ing" au "-ed": nani alimfanyia nani?

Sehemu hii tunaomba uisome polepole, hata kama umeruka nyingine.

Kwa Kiswahili, herufi moja tu inatenganisha aliyetenda na aliyetendewa: kupiga na kupigwa, kutishia na kutishiwa, kutafuta na kutafutwa, kufuata na kufuatwa. Mtoto wa miaka mitatu hakosei hapo. Kwa Kiingereza, baada ya "had been", tofauti hiyo inakaa mwishoni mwa kitenzi. Ukiweka "-ing", mtu uliyemtaja mwanzoni ndiye aliyetenda. Ukiweka umbo la "-ed" (au "beaten", "stolen", "taken" kwa vitenzi visivyofuata kanuni), mtu huyo ndiye aliyetendewa.

"My husband had been threatened many times before we left." – Mume wangu alikuwa ametishiwa mara nyingi kabla hatujaondoka.

"My husband had been threatening people before we left." – Mume wangu alikuwa akitishia watu kabla hatujaondoka.

Sentensi ya kwanza inamtaja mtu aliyeonewa. Ya pili inamtaja mwonevu. Mwanafunzi ambaye ndiyo kwanza amejifunza "had been" na "-ing", na amefurahi kuijua, huweza kuandika "we had been beating by soldiers" akitaka kusema tulipigwa na askari. Neno "by" linampa msomaji fununu. Lakini kama mwandishi ameliacha na kuandika "we had been beating", maana yake ni kwamba sisi ndio tuliokuwa tukipiga. Katika barua ya malalamiko au maelezo ya polisi, kosa la namna hii linageuza mlalamikaji kuwa mshitakiwa.

Kuna mfano mwepesi unaosaidia kukumbuka. "Our goats had been stolen" ni mbuzi wetu walikuwa wameibiwa. "Our goats had been stealing" ni mbuzi wetu walikuwa wakiiba, jambo ambalo mwenye shamba la mahindi jirani huenda akalikubali, lakini si ulilotaka kusema.

Njia salama ni hii. Jiulize kwanza: nani alitenda? Kisha mtaje huyo mwanzoni mwa sentensi, na "-ing" itakaa mahali pake. "They had been threatening my husband for months." "Armed men had been coming to our village at night." Kama humjui aliyetenda, tumia "they", "some men" au "someone". Kama unataka kuanza na aliyetendewa, sahau "-ing" kabisa: "He had been beaten." "My house had been burned."

Neno kwa walimu na wanaojisomea pamoja. Tumetoa mifano hii migumu kwa sababu ndipo kosa linapoumiza, lakini si lazima mtu afanye mazoezi kwa kutumia mambo yaliyomuumiza. Mvua, mgao wa chakula, mpira wa miguu na foleni ya maji vina sentensi za kutosha. Kumwambia mwanafunzi mzima aandike kwa nini alikimbia, kama zoezi la sarufi mbele ya majirani zake, si vizuri, na hakuna kitabu kinacholazimisha hivyo.

Vitenzi vinavyokataa "-ing"

Baadhi ya vitenzi vya Kiingereza havipendi "-ing", kwa sababu vinataja hali na si tendo: "know", "own", "believe", "want", "need", na "have" kwa maana ya kuwa na kitu. Kwa hivyo si "we had been knowing each other" bali "we had known each other since 2009". Homa nayo hupata sentensi inayoonekana kama kosa la kuandika mara mbili: "She had had a fever for three days before we came." Hiyo "had had" ni sahihi.

Hapa hapa pana kazi na ndoa, mambo yanayoulizwa sana. Ukitaja cheo chako, "been" inatosha bila kitenzi kingine: "I had been a teacher for eight years." "I had been a nurse." Ukitaja tendo, "-ing" inarudi: "I had been teaching for eight years." Zote mbili ni nzuri. Isiyo nzuri ni "I had been being a teacher". Kuhusu ndoa ni "we had been married for six years", maana "married" hapa ni hali.

Tofauti nyingine ni kati ya muda na idadi. "I had been writing letters all morning" inasema ulitumia asubuhi nzima. "I had written three letters" inahesabu barua. Ukitaja idadi au mara ngapi, acha "-ing". Kwa "live" na "work" tofauti ni ndogo sana. "I had lived there for ten years" na "I had been living there for ten years" zitapokelewa sawa.

Wakati wa kutolitumia

Umbo hili linahitaji jiwe la pili. Ukisema "I had been waiting for three hours" ukanyamaza, msikilizaji anabaki akingoja: halafu? Lazima kuwe na "when", "before" au "by the time", au jambo hilo liwe limeshatajwa. "By the time the food distribution started, we had been waiting for three hours." Kama hakuna jambo la pili, tumia wakati uliopita wa kawaida: "I worked in Goma for five years."

Kwenye CV halifai karibu kabisa. Huko andika mwaka na tendo: "2011–2016: Taught mathematics in a secondary school." Mahali linapong'aa ni kwenye barua ya kuomba kazi, pale unapotaka kueleza kwa nini kuna miaka isiyo na kazi kwenye CV. Sentensi moja inatosha: "I had been teaching for five years when I had to leave my country." Mwajiri anaelewa kwamba hukuacha kazi kwa kutopenda, na wewe hukulazimika kusimulia yote.

Na ukijikuta umekwama katikati ya maelezo, achana nalo. Sentensi fupi zenye tarehe hazimpotezi mtu: "I sold fish in Uvira. I started in 2008. In 2018 I ran away." Hakuna sarufi ya juu hapo, na kila kitu kiko mahali pake.

Wa kufanya naye mazoezi

Madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima yapo katika makazi mengi, lakini muhula na mahali hubadilika. Muulize mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako, kiongozi wa bloku yako kambini, au shule iliyo karibu. Kwa mwenye simu na bando, BBC Learning English na LearnEnglish ya British Council zina masomo ya bure.

Kwa maoni yetu, mwalimu wa karibu zaidi mara nyingi ni jirani mwenyeji. Vijana wa Uganda wamesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na wengi wanataka Kiswahili. Mnamo Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, kwa hiyo unachokijua kina thamani hapa. Nusu saa ya Kiswahili kwa nusu saa ya Kiingereza, chini ya mwembe au kwenye kibanda cha bodaboda, ni biashara ya haki. Mwombe akuulize maswali yanayoanza na "How long had you been...", nawe umsahihishe anaposema "mimi nakuwa nangoja".

Jaribu mwenyewe

Tafsiri sentensi hizi kwa Kiingereza kabla ya kuangalia majibu. Si zote zinazohitaji umbo tulilojifunza.

1. Tulikuwa tukisubiri tangu saa kumi na mbili asubuhi malori yalipofika.
2. Mtoto alikuwa akikohoa kwa wiki tatu kabla hatujampeleka kituo cha afya.
3. Nimekuwa nikiishi Nakivale tangu 2019.
4. Duka lake lilikuwa limeibiwa mara mbili kabla hajakimbia.
5. Alikuwa mkunga kwa miaka tisa vita vilipoanza.
6. Barabara ilikuwa na matope kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Majibu:

1. "We had been waiting since six in the morning when the trucks arrived." Angalia saa: saa kumi na mbili asubuhi ni "six", si "twelve". Kosa la saa hupita bila kuonekana kuliko kosa la kitenzi, basi lizoee kulichunguza kila unapotaja muda kwa Kiingereza.

2. "The child had been coughing for three weeks before we took her to the health centre." Kama bado anakohoa unapoongea, ni "has been coughing".

3. "I have been living in Nakivale since 2019." Bado unaishi hapo, kwa hiyo ni "have".

4. "His shop had been robbed twice before he fled." Duka halikuiba, liliibiwa, tena kuna idadi. Hakuna "-ing".

5. "She had been a midwife for nine years when the war began." Ni cheo, hakihitaji "-ing". Kama aliyetajwa ni mwanamume, ni "he". Kiswahili hakisemi, Kiingereza kinalazimisha kusema.

6. "The road was muddy because it had been raining all night." Kwa Kiswahili mvua ndiyo inayonyesha. Kwa Kiingereza ni "it", na usitafute "it" huyo ni nani.